Maswali ya wasomaji: darubini ya lenzi ya 80, 102, 120 au 150, nichukue ipi?

Safari hii nimeweka pamoja barua zinazozunguka jambo moja, saizi ya darubini ya lenzi kwa mtu anayetaka kuangalia tu kwa jicho lake, bila kamera. Namba kama 80 ni upana wa lenzi kwa milimita, na f/7 maana yake urefu wa fokasi, yani umbali kutoka lenzi mpaka pale mwanga unapokutana, ni mara 7 ya upana huo. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana wengi mtajiona humo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Huu mwaka wa pili naangalia anga kwa binokula ya 10x50, makundinyota mengi nimeshayajua na sasa nataka darubini yenyewe, ya lenzi sio ya kioo, kwa sababu sitaki habari za kupanga vioo kila mara. Picha sipigi na sina mpango huo. Nimebaki kati ya 80mm f/7 na 102mm f/7, afu kuna rafiki yangu ananiambia achana na zote hizo nenda 120 moja kwa moja. Hivi hizo milimita 20 zina tofauti gani kiukweli? Naogopa ninunue halafu baada ya miezi sita nianze kutamani nyingine.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nakupa jibu kwanza sababu baadaye: chukua 102, ila pesa ya stendi itenge kabla hujaagiza hiyo darubini. Sasa tukae tuongee.

Wengi wanapima milimita za lenzi kama wanapima kamba, wanasema 80 na 102 si tofauti ya 22 tu, kitu gani hicho. Lenzi haikusanyi mwanga kwa upana wake, inakusanya kwa eneo lake lote, kwa hiyo lazima uzidishe upana kwa upana. 80 mara 80 ni 6,400 na 102 mara 102 ni 10,404, gawanya uone mwenyewe, ile kubwa inakuletea mwanga zaidi kwa asilimia 60 na ushee. Kutoka 102 kwenda 120 nyongeza ni asilimia 38 hivi. Yani hatua ya kwanza ndo kubwa zaidi na hatua ya pili inakuwa ndogo, wakati uzito na urefu wa bomba vinafanya kinyume, hatua ya pili ndo inayokuchosha mgongo. Kaa na hilo kichwani maana ndo moyo wa jibu langu lote.

Mwanga huo unauonaje kwenye jicho? Ule mpimo wa mwangaza wa nyota unaujua, namba ikipanda nyota inafifia, jicho tupu kwenye giza zuri linaishia kama 6. Darubini ya 80 inafika karibu 11.5, ya 102 inafika 12, ya 120 ni 12.4 na ya 150 karibu 13. Namba tupu hazina ladha kwa hiyo twende kwa Zohali. Mwezi wake mkubwa, Titan, una mwangaza wa 8.4 hivi na mtazama nyota Huygens aliuona mwaka 1655 kwa lenzi yenye upana wa sentimita 5 na kitu, kwa hiyo darubini yoyote ya leo inauonyesha. Wa pili, Rhea, ni karibu 9.7, huo 80 inaupata ukitulia. Tethys na Dione ni kama 10.3 na ziko karibu na mng'ao wa sayari yenyewe, hapo kwa 80 unakisia na kwa 102 unaziona, kabisa, vidoti viwili vidogo pembeni ya pete. Mi usiku wa kwanza nilipozihesabu nne nilirudi ndani nikamwamsha mtu aje aangalie.

Mfano mwingine ni lile fungunyota la tufe liitwalo M13, kwenye kundinyota la Hercules. Lina nyota laki kadhaa, ila zile zinazong'aa zaidi ndani yake zinaanzia kama 12. Sasa rudi kwenye zile namba. Kwa 80 unaona pamba ya mviringo, nzuri, inayong'aa katikati, basi. Kwa 102 ukiangalia kwa pembeni ya jicho, usilitazame moja kwa moja, kingo zinaanza kuwa kama zimenyunyiziwa chumvi. Kwa 120 chumvi inaongezeka. Ndo maana nasema 102 inavuka mstari fulani ambao 80 inausogelea tu bila kuuvuka.

Upande wa kutenganisha vitu vilivyobanana, kuna kanuni ya zamani ya Dawes, unachukua 116 unagawa kwa milimita za lenzi, unapata sekunde za tao. Digrii moja ina sekunde 3,600 za namna hiyo. 80 inatoa 1.45, 102 inatoa 1.14, 120 inatoa 0.97. Kwa nyota pacha kama ile mbili-mbili ya kundinyota la Lyra, Epsilon, ambayo kila jozi imeachana kwa sekunde 2 na robo hivi, zote zinatenganisha, tofauti ni kwamba kwa 80 unaona kama namba nane iliyokatika kiunoni na kwa 102 unaona uwazi mweusi kabisa katikati. Albireo, nyota pacha nyingine, usihangaike nayo kama kipimo, zimeachana kwa sekunde 34, hata binokula iliyoshikiliwa vizuri inazigawa, ila rangi zake, dhahabu na bluu, ni za kurudia mara mia.

Kuna kitu hapa ambacho maduka hayakuambii. Hewa iliyo juu ya kichwa chako inachemka, na usiku mwingi haikupi zaidi ya ukuzaji wa mara 150 mpaka 200 hata ukiwa na lenzi kubwa kiasi gani. Kanuni ya mkononi ni kwamba kila milimita ya lenzi inabeba ukuzaji wa mara mbili, kwa hiyo 102 inafika mara 200, pale pale ambapo hewa yenyewe inakuzuia. Saizi hii na hewa ya kawaida vinalingana. Ya 120 inaweza kufika 240, lakini hizo 40 za juu utazitumia usiku chache sana kwa mwaka.

Halafu uwanja wa kuona, hili nakuomba ulisome mara mbili wewe uliyetoka kwenye binokula. Umezoea kuona kipande kikubwa cha anga kwa wakati mmoja. 80 f/7 ina urefu wa fokasi wa milimita 560, na kwa lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia, ya kawaida ya inchi 1.25 unaweza kuona mpaka digrii 2.7 hivi. 102 f/7 ni 714, inakupa digrii 2.1 hivi. Kilimia inachukua karibu digrii 2, kwa hiyo kwa 102 inaenea yote, inabaki nafasi kidogo pembeni, ndo vizuri hasa. Zile 120 nyingi za bei nafuu zina fokasi ya 1,000, hapo digrii ni 1.5 tu na Kilimia inakatwa, labda uingie kwenye lenzi za jicho za inchi 2 ambazo ni nzito na zina gharama zake. Rafiki yako ameliwaza hilo? Muulize kwa upole.

Sasa stendi, na hapa ndo napandisha sauti. Darubini haiangalii nyota peke yake, inaangalia ikiwa imesimama juu ya kitu. Bomba la 80 ni kama kilo 2 au 3, la 102 ni kilo 4 hivi, la 120 refu linaenda 5 mpaka 6, lakini sio kilo tu zinazotesa, ni urefu. Bomba refu ni wenzo, ukigusa kitasa cha fokasi kule nyuma mtetemo unakuzwa, na ukiwa umekuza mara 140 basi ule mtetemo nao umekuzwa mara 140. Jaribu hivi ukienda kuiona: lenga kitu cha mbali, gonga bomba kwa kidole, hesabu. Ikitulia ndani ya sekunde 2 au 3 ni stendi ya maana. Ikifika 6 au 7 usinunue hiyo seti, maana kila ukigusa fokasi utasubiri, na Mshtarii haikusubiri, inateleza kutoka nje ya uwanja. 102 juu ya stendi ngumu itakuonyesha vitu vingi kuliko 120 inayotetemeka, na sisemi kwa kubahatisha, nimesimama nyuma ya zote mbili usiku mmoja.

Jambo la urefu wa tripodi nalo watu wanalisahau. Darubini ya lenzi unaangalia kutoka nyuma, ikielekea juu kabisa ile sehemu ya jicho inashuka karibu na ardhi, ikielekea upeoni inapanda. Bomba likiwa refu tofauti inakuwa kubwa. Kule Yerkes, Wisconsin, Marekani, kuna darubini ya lenzi ya sentimita 102 iliyozinduliwa mwaka 1897, bomba lake ni zaidi ya mita 18, na walilazimika kutengeneza sakafu nzima ya jengo iwe inapanda na kushuka ili mtu alifikie jicho. Namba ni ile ile 102, ya kwao sentimita ya kwako milimita, na tatizo ni lile lile. Wewe tafuta tripodi inayopanda juu na kiti cha kupandisha na kushusha, mtu aliyekaa anaona vitu ambavyo aliyeinama havioni, maana shingo ikiuma jicho linaacha kutafuta.

Je utatamani nyingine baada ya miezi sita? Ukinunua 80 nadhani ndiyo, kwa ulivyojieleza. Binokula yako ya 50 imeshakupa vitu vipana, unachokosa ni ndani ya vitu, na 80 itakufungulia nusu mlango. Ukinunua 102 ukatumia fokasi ya 714 na lenzi za jicho tatu tu, ya 32 ikupe mara 22 (714 gawa kwa 32), ya 12 ikupe kama mara 60 na ya 5 ikupe mara 143, una kazi ya miaka. Na siku ukitaka kupanda tena usipande kwenda 120, ruka mpaka 150 au zaidi, ruka hatua ambayo mwanga unazidi mara mbili, vinginevyo unalipa pesa nyingi kwa tofauti ya kutafuta kwa tochi.

80 namshauri nani basi? Mtu anayesafiri na darubini kwenye begi, anayekaa ghorofani akishuka kwa ngazi, au mwenye darubini kubwa ya kioo tayari anayetaka kitu cha dakika tano. Kwa hao 80 ni dhahabu kabisa.

SWALI: Mambo vipi mwalimu, mi nina 120mm f/5, ile ya lenzi mbili za kawaida. Kwenye Njia Nyeupe naifurahia sana ila Mshtarii na Zuhura zinavaa zambarau pembeni na mwezi una ukingo wa njano upande mmoja. Nimeambiwa niiuze nichukue 100mm ya kioo cha ED, kile kinachotawanya rangi kidogo. Je sitakuwa nimerudi nyuma kwa saizi?

JIBU: Poa sana ndugu yangu. Kwa saizi ndiyo utarudi, 100 inakusanya kama asilimia 69 ya mwanga wa 120, hilo lipo na tusilifiche. Ila swali lako ni la rangi, sio la saizi.

Lenzi moja inapinda bluu zaidi kuliko nyekundu kwa hiyo rangi hazikutani sehemu moja. Fundi wa lenzi Dollond kule London alipata hataza mwaka 1758 ya lenzi mbili za vioo tofauti zilizokaa pamoja, moja inasahihisha nyingine, na hiyo ndo akromati, ndo uliyonayo. Inakutanisha rangi mbili, bluu ya mwisho na urujuani zinabaki nje, ndo hiyo zambarau. Sasa kuna kanuni ya zamani: chukua upana wa lenzi kwa inchi, zidisha kwa 3, hiyo ndo namba ya f inayotakiwa ili rangi isisumbue jicho. 120 ni inchi 4.7, kwa hiyo ingetakiwa kuwa f/14. Yako ni f/5. Haijaharibika, haina kasoro ya kiwandani, imetengenezwa kwa ajili ya anga pana na ukuzaji mdogo na hiyo kazi inaifanya vizuri kama ulivyosema mwenyewe. Nebula, yale mawingu ya gesi angani, na mafungunyota hayana mwanga mkali wa kuonyesha zambarau.

Kabla hujauza kitu fanya jaribio la bure. Kata kadi ngumu nyeusi, toboa katikati tundu la milimita 60, weka mbele ya lenzi afu angalia Mshtarii. Fokasi ni ile ile 600, upana umekuwa 60, kwa hiyo sasa una f/10, zambarau itapungua sana na mikanda ya sayari itatulia. Ukipenda ulichokiona hapo, jua kwamba 100 ya ED inakupa usafi kama huo huo ikiwa na mwanga karibu mara tatu. Kichujio cha njano hafifu nacho kinasaidia, ingawa kila kitu kinakuwa na unjano, mi sikipendi.

Kwa hiyo jiulize usiku wako unaenda wapi. Kama robo tatu ni sayari, mwezi na nyota pacha, badilisha na hutajuta, maana ile bluu isiyokutana haipambi tu kwa zambarau, inamwaga ukungu mwembamba juu ya picha nzima na vitu vidogo vinapotea ndani yake. Kama robo tatu ni Njia Nyeupe, baki na 120 yako. Na ukienda kwenye ED usishawishike kulipia ya lenzi tatu kwa ajili ya jicho tu. Lenzi tatu ni nzito mbele, zinachelewa kupoa zikitolewa nje, na tofauti yake inaonekana zaidi kwenye picha. ED ya lenzi mbili, f/7 mpaka f/9, iliyosuguliwa vizuri, inamtosha mwangaliaji kabisa. Jina la kioo, FPL-51 au FPL-53, lina maana yake lakini usilifanye dini, kioo cha pili kinachokaa nacho na mkono wa aliyesugua vina uzito ule ule.

SWALI: Nimeona darubini ya 60mm imeandikwa kwenye boksi inakuza mara 525. Hiyo 102 mnayoisifia inasema mara 200. Kwa nini nisichukue ya 525?

JIBU: Kwa sababu hiyo 525 haipo angani, ipo kwenye boksi. Nakuonyesha ilivyopatikana: bomba lina fokasi ya 700, ndani wameweka lenzi ya jicho ya milimita 4, 700 gawa kwa 4 ni 175, afu wakaongeza lenzi ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji, ya mara 3, 175 mara 3 ni 525. Hesabu ni sahihi, ila lenzi ya 60 inabeba kama mara 120, ukipita hapo unapanua ukungu, picha inakuwa kubwa, nyeusi na haina kitu kipya ndani yake, na kwenye ile stendi nyembamba inayokuja nayo hata kuilenga sayari utashindwa. Wengi wameacha hobi hii wiki ya kwanza kwa sababu ya boksi kama hilo na mimi linaniuma sana. Kama ndo unayo tayari, tupa Barlow pembeni, tumia lenzi ya jicho ya 20 au 25, angalia mwezi ukiwa nusu, angalia miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610 kwa kitu dhaifu kuliko hicho chako. 60 nzuri kwenye mara 35 ni darubini.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nina 80mm na nakaa mjini kwenye mataa mengi. Nebula ya Orion naiona kijivu, galaksi ya Andromeda ni doa tu, nyingine sizioni kabisa. Nafikiria kuruka mpaka 150mm f/8 kama ulivyowahi kusema kwamba turuke hatua kubwa. Nyumba yetu ni ghorofa ya pili. Halafu pete za Zohali niliwahi kuziona nyembamba sana, ni 80 yangu?

JIBU: Nzuri dada. Hapa kuna mambo matatu yamefungwa pamoja, tuyafungue.

Kijivu kwanza. Hicho sio kosa la darubini. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazijui rangi, na nebula ni hafifu mno kuamsha zile zinazojua. Zile rangi nyekundu na bluu ni za kamera iliyokusanya mwanga kwa dakika nyingi. Kwa lenzi ya 150 nebula ya Orion inaweza kuwa na ukijani kidogo katikati kwa watu wengine, zaidi ya hapo usitegemee. Nakwambia mapema usije ukalipia rangi usiyoipata.

Pili mataa. Galaksi ni mwanga uliotandazwa, na anga la mji nalo ni mwanga uliotandazwa, lenzi ikiwa kubwa inakuza vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo galaksi inaendelea kuzama ndani ya anga. Beba hiyo 80 yako nenda nayo sehemu yenye giza la kweli usiku usio na mwezi, kaa dakika 20 mpaka 30 bila kuangalia simu, afu tafuta Andromeda. Utaona kwamba lile doa lilikuwa kitovu tu, na mabawa yake yanaenea karibu digrii 3 kutoka pembe hii mpaka ile. 80 kwenye giza inashinda 150 mjini kwa galaksi, bila mjadala. Kwa mwezi, sayari na nyota pacha mataa hayasumbui sana, huko hata katikati ya mji 150 inakuwa mfalme.

Tatu ghorofa. Hapa naongea kama mtu aliyeishi nayo. Nilikuwa na 150 f/8 kwa miaka mitatu, bomba zaidi ya mita moja, kilo 10 hivi, stendi yake nzito peke yake, na vyuma vya kusawazisha. Kuitoa ilikuwa safari tatu na kuirudisha safari tatu. Usiku niliyoitoa nilipata vitu ambavyo bado naviota: M13 ikiwa imepasuka nyota mpaka karibu na katikati, vishimo vidogo kwenye sakafu ya kasoko Plato huko mwezini ambavyo vina upana wa kilomita 2 hivi tu, ule mpenyo mweusi wa Cassini ukizunguka pete za Zohali bila kukatika. Siidharau hata kidogo. Lakini nilikuwa naitoa mara mbili kwa mwezi wakati 100 yangu inatoka kila anga likifunguka, hata kwa nusu saa, hata katikati ya wiki. Ikafika mahali nikampa mtu mwenye uwanja na chumba cha chini cha kuihifadhi, na huyo anaitumia kila wiki.

Ngazi za ghorofa mbili ukiwa umebeba lenzi ya upana huo gizani hapana dada, sikushauri. Kama unaweza kusafiri kwenda gizani hata mara moja kwa mwezi, baki na 80. Kama usiku wako wote utakuwa hapo nyumbani na unapenda sayari, panda mpaka 100 au 102 ya ED, bomba unalolishika kwa mkono mmoja na tripodi kwa mkono wa pili, safari moja tu. Najua nimesema turuke hatua kubwa na nasimama hapo, ila hatua yenyewe inapimwa pia kwa ngazi unazopanda.

Kitu kimoja kuhusu Zohali maana uliigusa mwishoni mwa barua yako. Pete zilikaa ubavu kabisa kuelekea dunia Machi 2025, zikawa kama uzi, hali hiyo inarudi kila baada ya miaka 15 hivi. Kama uliziona nyembamba wakati huo sio 80 yako iliyokosea. Zinaendelea kufunguka mwaka hadi mwaka, zirudie.

SWALI: Nina 80 f/5, naweza kuangalia jua? Darubini ilikuja na kikioo cheusi cha kuskuruu kwenye lenzi ya jicho.

JIBU: Hicho kikioo kitoe sasa hivi, kivunje, kitupe, usimpe mtu. Kinakaa pale ambapo lenzi yako imeshakusanya joto lote la jua sehemu moja, kinaweza kupasuka ghafla jicho likiwa hapo hapo, na jicho linaungua bila hata kusikia maumivu.

Jua linaangaliwa kwa kichujio kinachofunika mbele yote ya lenzi, kilichotengenezwa maalumu kwa darubini, kilichobanwa kisitoke kwa upepo wala mkono wa mtoto. Miwani ya kupatwa kwa jua haifai kuwekwa nyuma ya darubini hata kidogo. Kila mara kabla ya kutumia kielekeze kichujio kwenye taa kali uone kama kina tundu au mkwaruzo, kikiwa nacho hakitumiki. Ukifanya hivyo 80 inatosha sana, mchana hewa inachemka kuliko usiku kwa hiyo lenzi kubwa haina faida kubwa, na utaona madoa ya jua na kivuli chepesi kinachoyazunguka kila doa. Kulenga usichungulie, tazama kivuli cha bomba ardhini, kikiwa kifupi kabisa upo kwenye jua. Na ile darubini ndogo ya kulengea iliyofungwa juu yake, ivue au ifunike, nayo ina lenzi.